Unga wa bakteria kwa utumbo wa kamba koche: ununue au uache?

Bidhaa inayopitiwa hapa ni ya pakiti: unga wa rangi ya krimu, mkavu, wenye harufu ya mbali kama ya hamira. Ndani yake kuna kimoja kati ya vitu viwili, au vyote pamoja. Cha kwanza ni spora za bakteria wa jamii ya Bacillus, yaani bakteria waliojifunga na kulala mpaka wakutane na unyevu na chakula. Cha pili ni MOS, sukari ndefu inayotolewa kwenye ukuta wa seli za hamira. Wauzaji husema unga huu huimarisha utumbo wa kamba, humkuza haraka na kumkinga na maradhi. Kauli hiyo ina ukweli, ila ukweli wenyewe una mipaka, na mnunuzi anapaswa kuijua mipaka hiyo kabla hajafungua pochi.

Tuseme hukumu mapema. Kwa anayelea lava (watoto wachanga wanaoelea majini) na vifaranga vya kamba koche wa magando, wale wa Ulaya na Marekani, Bacillus na MOS vikitumiwa pamoja vinafaa kununuliwa. Kwa anayehifadhi kamba wakubwa kwa siku chache kabla ya kuwasafirisha, ni hasara tupu. Na kwa mwenye bahari safi karibu, kizimba cha baharini kinamjengea kamba utumbo bora kuliko pakiti yoyote iliyoko sokoni.

Ili hukumu hiyo ieleweke, lazima utumbo wenyewe ufunguliwe. Mbele kuna tumbo lenye meno ya kusagia, nalo limetiwa bitana ya kaitini, dutu ileile inayojenga gamba. Katikati kuna utumbo laini uliounganika na ile tezi kubwa ya kijani inayofanya kazi ya ini na kongosho kwa pamoja. Humo ndimo chakula kinamomeng'enywa na kufyonzwa. Nyuma kuna utumbo wa mwisho, wenye bitana ya kaitini kama tumbo la mbele. Kamba anapojivua gamba hajivui la nje tu. Bitana ya mbele na ya nyuma nazo hutoka, na bakteria waliokuwa wameishikilia huondoka nazo. Lava wa kamba koche wa Ulaya, Homarus gammarus, hujivua mara tatu kabla ya kufika hatua ya nne, ile anayoanza kufanana na kamba na kutafuta chini pa kujificha. Katika maji ya nyuzi 20 safari hiyo yote huchukua kama wiki mbili. Kwa hiyo sehemu hizo mbili za utumbo wake zinapanguswa na kuanza upya kila baada ya siku chache. Anayesema bakteria wa pakiti “watahamia” humo moja kwa moja hajamwangalia kamba akijivua.

Jambo la pili: kamba hana kingamwili kama za kuku au ng'ombe, kwa hiyo huwezi kumchanja akakumbuka ugonjwa. Kinga yake ni gamba, seli za damu zinazomeza na kuzingira adui, na jamii ya bakteria iliyokaa utumboni ikiziba nafasi. Vibrio, bakteria wa baharini ambao baadhi yao huleta ugonjwa, wako humo siku zote, hata kwa kamba mzima asiye na dalili yoyote. Ugonjwa huja pale aina moja ya Vibrio inapopata nafasi ya kuzaana bila mshindani. Ndiyo maana suala la bakteria wa utumbo kwa kamba ni zito kuliko wengi wanavyolichukulia.

Sasa tuangalie unga unafanya nini. Spora za Bacillus zikiingia utumboni huamka, na bakteria huanza kutoa vimeng'enya vya kuvunja protini, wanga na mafuta, pamoja na vitu vinavyozuia Vibrio kukua. Hawakai. Ukiacha kumlisha kamba unga, baada ya siku chache huwaoni tena kwenye kinyesi. MOS hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Bakteria wengi wabaya hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo kwa vijinyuzi vinavyotafuta sukari aina ya manosi. MOS imejaa manosi, kwa hiyo wanajishika kwenye chembe za MOS na kutoka nazo nje. Kimoja kinaleta wapangaji wazuri, kingine kinawatoa wabaya, na hapo ndipo panapoonekana kwa nini viwili pamoja vinashinda kimoja peke yake.

Na ndivyo jaribio linalofahamika zaidi kuhusu lava wa Homarus gammarus lilivyoonyesha. Lilifanywa na Carly Daniels na wenzake kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako kituo cha National Lobster Hatchery kilichoko Padstow, Cornwall, huangua mayai ya majike yenye mimba yanayoletwa na wavuvi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010 katika jarida la Aquaculture. Walilinganisha chakula kitupu, chakula chenye Bacillus, chenye MOS, na chenye vyote viwili. Kundi la vyote viwili ndilo lililofanya vizuri zaidi. Walitazama pia ndani ya utumbo, kwenye vile vinyweleo vidogo vya kufyonzea chakula, na aina za bakteria waliokuwemo. Hili tunalipa uzito, kwa sababu majaribio mengi ya bidhaa za namna hii hupima uzito wa mnyama tu na kuacha utumbo wenyewe gizani.

Ukienda kununua, soma pakiti kabla ya kusikiliza muuzaji. Jina la bakteria liandikwe mpaka spishi: Bacillus subtilis, B. licheniformis, B. pumilus, B. amyloliquefaciens. Pakiti inayosema “bakteria wazuri mchanganyiko” iache hapohapo dukani. Ukiona B. cereus, uliza zaidi, kwa kuwa baadhi ya aina zake hutoa sumu. Idadi iandikwe kwa CFU kwa gramu, yaani bakteria hai wanaoweza kuota koloni, na iwe ni idadi inayohakikishwa hadi tarehe ya mwisho wa matumizi, wala si ile ya siku ya kufungasha. Katika Umoja wa Ulaya bakteria wa kutia kwenye chakula cha mifugo lazima wapitiwe na EFSA, mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula, kwanza, na moja ya maswali yanayoulizwa ni kama wanabeba usugu wa dawa unaoweza kurukia bakteria wengine. Kwa bidhaa inayotoka nje ya utaratibu huo, mwombe muuzaji karatasi inayojibu swali hilohilo. Upande wa MOS, Bio-Mos ya kampuni ya Alltech ndiyo iliyozoeleka zaidi, na hutokana na hamira ya Saccharomyces cerevisiae.

Ukubwa wa pakiti nao una maneno. Tuseme unga una CFU bilioni 20 kwa gramu. Gramu 5 kwa kilo moja ya chakula zinatoa bilioni 100 kwa kilo, sawa na milioni 100 kwa kila gramu ya chakula. Kiwango hicho kinatosha. Kwa hesabu hiyo pakiti ya gramu 500 inapaka kilo 100 za chakula. Kituo kidogo cha kamba hakimalizi kilo 100 za chakula cha vifaranga kwa haraka, na pakiti ikishafunguliwa mara kadhaa katika hewa ya pwani inavuta unyevu, spora zinaanza kuamka mle ndani na kufa. Nunua ndogo hata kama bei ya gramu ni kubwa kidogo. Ukilazimika kununua kubwa, igawe siku ya kwanza kwenye mifuko ya gramu 25, toa hewa, funga kwa joto, weka mahali pakavu na pa baridi.

Njia ya kwanza ya kumfikishia lava unga huu ni kupitia Artemia, vile vidudu vya maji ya chumvi vinavyoanguliwa kutoka mayai ya kopo. Hapa ndipo wanaonunua hupoteza unga mwingi kuliko popote, na sababu ni moja: wanautia mapema. Artemia aliyetoka tu kwenye yai mdomo wake umefungwa. Anaishi kwa kiini alichotoka nacho. Katika nyuzi 28 huchukua kama saa 8 kujivua mara ya kwanza, na hapo ndipo mdomo unafunguka aanze kuchuja. Ukimwaga unga saa ya kuangua, unayanywesha maji ya tangi tu.

Utaratibu unaokwenda vizuri ni huu. Angua mayai katika maji ya bahari yaliyochujwa, hewa ikipulizwa kwa nguvu kutoka chini. Zima hewa, acha maganda yapande juu na Artemia washuke, kisha watoe kwa bomba la chini. Waoshe kwenye chujio la mikroni 125 kwa maji safi ya bahari dakika 5 hadi 10 bila haraka, maana yai likipasuka humwaga gliseroli, na gliseroli ni karamu ya Vibrio. Usiporuka hatua hii umeshafanya nusu ya kazi ambayo pakiti inadai kuifanya. Wahamishie kwenye ndoo mpya, si zaidi ya 200 kwa mililita, wasubiri wafungue midomo, ndipo utie unga. Kwa ndoo ya lita 10 na unga wa bilioni 20, nusu gramu inatoa milioni 1 ya bakteria kwa kila mililita. Koroga unga kwanza kwenye glasi ya maji ya bahari yasiyo na klorini, uache dakika 10 ulainike, pitisha kwenye kitambaa cha mikroni 50, kisha umimine. Chembe kubwa kuliko mikroni 50 Artemia hawezi kuimeza. MOS ya kusagwa vibaya ndiyo inayoangukia hapa: inazama, inaoza chini ya ndoo, na asubuhi maji yana utelezi na harufu.

Waache humo saa 12, jiwe la hewa likifanya kazi muda wote. Bacillus akiamka anavuta oksijeni, na ndoo yenye Artemia milioni 2 haina oksijeni ya akiba. Wakishaanza kuganda juu ya maji wamekuwa wanakosa hewa muda mrefu. Ukiwatazama kwa kioo cha kukuzia, Artemia aliyeshiba unga ana mstari mweupe mzito unaopita katikati ya mwili wake unaopitisha mwanga. Asiyeshiba mstari ni mwembamba au haupo. Ukiona mstari, osha tena, lisha lava. Wanaobaki watie kwenye ubaridi wa nyuzi 4 hadi 10 ili wasiutumie unga wote kabla lava hawajawala.

Vifaranga vilivyofika hatua ya nne na kuendelea hula tembe za chakula, na huko tatizo linabadilika. Kamba hamezi kama samaki. Anaishika tembe kwa miguu ya mdomoni, anaizungusha, anaikwangua, vipande vidogo vinaanguka, anarudia. Dakika 10 zinapita tembe bado iko mkononi, na unga uliopakwa juu umeshaondoka na maji. Kwa hiyo gundi ni ya lazima. Kwa kilo moja ya chakula, yeyusha gramu 20 za jelatini kwenye mililita 200 za maji ya moto, acha ipoe hadi nyuzi 40 hivi, ndipo uchanganye gramu 5 za Bacillus na gramu 2 za MOS. Nyunyizia juu ya tembe huku ukizigeuza kwenye beseni, kausha kivulini kwa feni mpaka zisinate, weka kwenye friji, tumia ndani ya wiki moja. Mafuta ya samaki peke yake hayatoshi kushika unga kwa mnyama anayekula taratibu namna hii. Angalizo kwa walioko kwenye maji ya joto: jelatini inalegea maji yakikaribia nyuzi 30. Huko tumia alginati ya sodiamu, kisha nyunyizia maji yenye kloridi ya kalsiamu ili igande.

Baadhi ya pakiti hushauri kuchachusha unga na molasi usiku kucha kisha kumwaga kwenye tangi. Kwa bwawa la udongo la kambamiti ushauri huo una mahali pake, kwa kuwa kule kuna tope na mabaki ya chakula ya kusafishwa. Kwenye matangi ya lava wa kamba koche hatuushauri hata kidogo. Sukari inayobaki inalisha kila kitu, na Vibrio huzaana haraka kuliko Bacillus kwenye maji ya bahari yenye sukari. Ndoo ya kuchachushia isiyotakaswa inageuka kitalu cha wageni usiowajua. Tena matangi mengi ya lava yanazungusha maji kupitia taa ya UV au ozoni, na vitu hivyo havichagui: kinachoelea kinauawa, kiwe kimenunuliwa au kimeingia chenyewe. Unga uingie kwa mdomo.

Makosa mengine ni ya papo kwa papo. Kutia unga na antibiotiki siku moja. Kuchanganya na maji ya bomba yenye klorini. Kulisha unga Jumatatu na Alhamisi tu, wakati bakteria hawa ni wapita njia na wanahitaji kuletwa kila siku, hasa siku zinazofuata kujivua gamba. Kuutegemea unga kwa ugonjwa ambao haupiti utumboni: vidonda vya gamba kwa kamba wa Marekani, au gaffkemia, inayoletwa na Aerococcus viridans anayeingia kwenye damu kupitia jeraha. Gaffkemia inazuiwa kwa kutowajeruhi kamba na kwa kufunga magando kwa mpira badala ya kuyapigilia vijiti vya mbao kama ilivyokuwa zamani. Utumbo mzuri kiasi gani hauzibi tundu la kijiti.

Hapo ndipo unga unapoishia, na hapo ndipo kizimba cha baharini kinapoanza. Huko Cornwall, mradi ulioitwa Lobster Grower ulichukua vifaranga vilivyoanguliwa kituoni na kuvipeleka baharini katika vizimba vyenye vyumba vidogo, kila kamba na chumba chake, kwa sababu wakikutana wanalana. Hawakupewa chakula. Maji yanayopita matunduni yanaleta vijidudu, na viumbe wanaoota ukutani mwa chumba ndio riziki yao. Ndugu zao wa uzao mmoja walibaki kwenye matangi ya nchi kavu. Corey Holt na wenzake walifuatilia bakteria wa utumbo wa makundi yote mawili kwa mwaka mmoja, na mwaka 2020 wakachapisha matokeo katika jarida la ISME. Waliokaa baharini walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi utumboni kuliko waliokaa kwenye matangi. Halafu likaja la kuzingatia zaidi: pale ambapo aina za bakteria zilikuwa chache, ndipo virusi vya HgNV vilipoonekana zaidi. Hivi ni virusi vinavyoishi kwenye mfumo wa chakula wa kamba huyu, vilivyoelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 2019.

Uhusiano huo usisomwe kupita kiasi. Inawezekana utumbo maskini unafungua mlango kwa virusi. Inawezekana pia virusi vikishaingia ndivyo vinavyoufukarisha utumbo. Hata hivyo kwa mfugaji mwelekeo uko wazi. Pakiti inaleta aina mbili au tatu za bakteria. Bahari inaleta mamia, wanachujwa na chakula cha asili na hali ya mahali, wanabaki wanaofaa, na hakuna anayelipwa. Mwenye uwezo wa kuhamishia vifaranga baharini mapema asingoje hadi wawe wakubwa kwa kuwa tu ana unga wa kutosha.

Kizimba nacho kina gharama zake, na ni haki kuzitaja. Matundu huziba kwa kome na viumbe wengine wanaoota, maji yakishindwa kupita kamba anakosa chakula na hewa kwa pamoja. Lazima vitolewe, vikaguliwe, vipigwe maji au vibadilishwe. Dhoruba huvunja kamba za nanga. Na kamba koche wa Ulaya huchukua kama miaka 5 hadi 7 kufika ukubwa wa kuvuliwa, kwa hiyo anayetafuta faida ya haraka hatapata hapo wala kwenye pakiti.

Kwa wasomaji wa pwani yetu, kutoka Lamu na Shimoni mpaka Mafia na Kilwa, kamba koche wetu ni wa ukoo mwingine: Panulirus, wenye pembe ndefu na miiba, wasio na magando. Panulirus ornatus ndiye mkubwa kati yao, na habari zake za utumbo zinatoka zaidi Australia na Vietnam. Lava wake ni bapa na angavu kama kipande cha nailoni, na hukaa katika hali hiyo miezi minne au zaidi, kinyume kabisa na wiki mbili za Homarus. Miezi minne ni muda mrefu wa kumlinda mnyama dhaifu asishikwe na Vibrio. Huko Australia watafiti walimpata adui wake mmoja, Vibrio owensii, na wakaonyesha kwamba Artemia ndiye anayembeba na kumfikisha tumboni mwa lava. Kumbe kile kijiko cha chakula ndicho kijiko cha sumu, na kuosha Artemia ni kinga kabla ya kuwa usafi.

Watafiti hao hawakukimbilia pakiti ya Bacillus. Walikwenda kwa lava wenyewe, wakachukua bakteria wanaoishi nao, wakajaribu mmoja mmoja na wawili wawili, na mwaka 2012 wakaripoti kuwa jozi moja, Vibrio mmoja asiye na madhara pamoja na Pseudoalteromonas, iliwakinga lava dhidi ya V. owensii. Tunalichukua hili kama kasoro kubwa ya pakiti zote za dukani: Bacillus wengi wa kibiashara asili yao ni udongoni. Wanavumilia chumvi, wanavumilia kukaushwa, ndiyo sababu wanauzika. Mwenyeji wa utumbo wa kamba, ambaye angefanya kazi vizuri zaidi, hatoi spora, hawezi kukaa rafu ya duka miezi 18, kwa hiyo hauzwi. Unanunua kinachoweza kufungashwa.

Na wale wenye matangi ya kuhifadhia kamba hai kabla ya ndege? Msinunue. Kamba aliyetoka kuvuliwa hali vizuri, na kabla ya safari anatakiwa asilishwe ili utumbo uwe mtupu na asichafue maji ya kreti kwa amonia. Kumpaka bakteria kwenye chakula asichokula hakuna maana. Pesa hiyo iende kwenye pampu ya hewa ya akiba, kipimo cha amonia, na kivuli juu ya matangi. Anayenenepesha kamba kwenye vizimba kwa miezi yuko katika nafasi tofauti, ila naye aanze na samaki fresh wa kulishia. Samaki wa siku mbili juani ana bakteria wengi kuliko kijiko chochote cha unga kinavyoweza kushindana nao. Ugonjwa wa maziwa uliowapiga wafugaji wa Vietnam, ambao damu ya kamba hugeuka nyeupe, unaletwa na bakteria wanaofanana na Rickettsia, wanaoishi ndani ya seli. Tusidanganyane kwamba Bacillus wa utumboni atawafikia huko.

Mnunuzi mwenye shaka na lebo ana njia ya kuipima bila mashine kubwa. Maabara yoyote yenye sahani za petri inaweza. Chukua gramu 1 ya unga, itie kwenye mililita 9 za maji ya chumvi yaliyotakaswa, tikisa vizuri. Toa mililita 1, itie kwenye mililita 9 nyingine, endelea hivyo mpaka chupa ya saba. Kabla ya kupanda, chovya chupa kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika 10. Joto hilo linaua bakteria wa kawaida na kuacha spora. Panda mililita 0.1 kutoka chupa ya saba, acha usiku mmoja hadi miwili kwenye joto la nyuzi 30 hadi 37. Kama lebo ya bilioni 20 ni ya kweli, utahesabu koloni 200 hivi. Ukipata 20, umeuziwa sehemu moja ya kumi. Usipopata kitu, umenunua kibebeo, yaani wanga au chokaa.

Na kama unautumia kwenye lava, usiupe matangi yote. Mayai ya jike mmoja yagawe matangi sita, matatu yenye unga na matatu bila, chakula na maji vilevile. Hesabu wanaofika hatua ya nne katika kila tangi, pima uzito wa 30. Mara moja kwa wiki panda tone la maji na la Artemia kwenye agari ya TCBS, chakula cha maabara cha kuoteshea Vibrio, hesabu koloni za njano na za kijani, hao ni Vibrio. Matangi ya unga yakikosa kutofautiana na yale mengine baada ya uzao wa pili, tafuta kosa kwenye kuosha Artemia na kwenye gundi kabla ya kubadili chapa. Ukishayarekebisha hayo na bado hakuna tofauti, acha kununua.

Alama zetu: Bacillus pamoja na MOS kwa lava na vifaranga vya Homarus, 4 kati ya 5. Bacillus peke yake, 3. MOS peke yake, 3, na iwe ya kusagwa laini. Kwa lava wa Panulirus, 2, mpaka apatikane muuzaji wa bakteria waliotoka kwa kamba mwenyewe. Kwa matangi ya kuhifadhia, 0.